Mchezo wa nyimbo wa historia ya watu weusi: vijana 24, dakika 80, Ngome Kongwe

Mratibu_Ngambo

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Kikundi cha vijana 24 wa skuli za Mjini (wasichana 15, wavulana 9, umri miaka 14 hadi 19) kinatayarisha mchezo wa nyimbo wa kuadhimisha historia na mafanikio ya watu weusi. Mahali ni Ngome Kongwe, kwenye ukumbi wa wazi, kisha mchezo upelekwe Chake Chake. Wapigaji wapo saba: kanuni, fidla mbili, akodioni, kinanda cha umeme, dumbaki na besi. Muda ni dakika 80 bila mapumziko, na zimebaki wiki 14.

Tatizo la kwanza ni andiko. Rasimu iliyopo ina watu mashuhuri 19. Kila mmoja anaingia, anajitaja jina, anaeleza alichofanya, anaimba, anatoka. Kusoma mezani tu kumechukua saa 2 na dakika 10, na mwenye kusikiliza anachoka kabla ya nusu. Wamo Harriet Tubman, Toussaint Louverture, Rosa Parks, Katherine Johnson, Mae Jemison, Abebe Bikila, Wangari Maathai, Siti binti Saad na wengine.

Nnaomba ushauri: wapunguzwe vipi? Muziki uwe wa namna gani ili taarab na nyimbo za watu weusi wa Marekani zikae pamoja bila kugombana? Sauti ya mahali pa wazi ipangwe vipi, na mavazi, maana fedha ni kidogo? Na lililo zito kuliko yote: soko la watumwa la Mkunazini lichezwe vipi mbele ya hadhira ya hapa, ambayo ndani yake wamo wajukuu wa kila upande?

Kalamu_Malindi

Wa alaykumu salaam, Mratibu.

Watu 19 kwa dakika 80 ni dakika 4 na kidogo kila mmoja. Kwa dakika 4 mtazamaji anapata jina na mwaka, mtu mwenyewe hampati. Kwa hiyo kupunguza ni lazima, ila musipunguze kwa kupima nani anajulikana zaidi. Ulizeni suali moja tu: mtu huyu, au kitu alichokishika mkononi, kilipita Unguja?

Uzi wa kuufunga mchezo upo tayari, na ni uzi khasa: merikani, kitambaa cha pamba kutoka Marekani. Pamba ililimwa na watumwa Kusini mwa Marekani, ikafumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, wafanyabiashara wa Salem wakaileta Unguja. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Seyyid Said ni wa 1833, na konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika hapa 1837. Jora lile lile likatoka Unguja na misafara kwenda bara, likawa ndiyo fedha: la kulipia njia, chakula na wapagazi. Marikebu zikirudi zilichukua pembe za ndovu, na nyingi ziliishia Connecticut kuchongwa vibonyezo vya piano. Mchuma pamba wa Alabama na mchukuzi wa pembe wa njia ya Tabora walikuwa ncha mbili za nguo moja, wala hawakujuana. Hilo mchezo uliotungwa Unguja unaweza kulisema kwa haki yake wenyewe, na sioni kwa nini muanze mahali pengine.

Ukifuata uzi huo, maonesho saba yanatosha. La kwanza ni gati ya Unguja, 1837, majora yanashushwa (dakika 10). La pili ni Marekani: kwanza shamba la pamba lisilo na jina la mtu, kisha Harriet Tubman anatoroka Maryland 1849 (dakika 14). Angalieni hapa: rasimu nyingi humweka Harriet ndani ya pamba. Sehemu ile ya Maryland ilikuwa ya ngano, mahindi na ukataji wa magogo, na yeye alifanya kazi msituni na kwenye vinamasi. Ndiyo maana aliijua njia ya usiku. Mukimpa kikapu cha pamba mumemnyang'anya elimu yake.

La tatu ni Sidi Mubarak, aliyeitwa Bombay (dakika 13). Sijui kwa nini skuli zetu zinampita. Alikuwa Myao, akakamatwa angali mtoto, akauzwa India, akapata uhuru, akarudi Unguja. Aliongoza misafara ya wapelelezi wa Kizungu, Burton na Speke, kuanzia 1857, akaenda na Speke na Grant hadi kwenye chanzo cha Mto Nile, akaenda na Stanley 1871, kisha akavuka bara zima na Cameron mpaka bahari ya Atlantiki, 1875. Huyu ndiye apewe wimbo mkubwa wa katikati, na kitambaa kiwe begani kwake, kwa kuwa kazi yake moja ilikuwa kuyalinda na kuyagawa majora hayo.

La nne ni Nashville, 6 Oktoba 1871: waimbaji tisa wa Fisk, skuli ya watu weusi waliotoka utumwani, wanatoka kwenda kutafuta fedha za kuiokoa skuli yao, mpiga piano wao Ella Sheppard (dakika 10). La tano ni Mkunazini (dakika 12). Hilo nawaachia wenye nyaraka. La sita ni Siti binti Saad, kutoka Fumba hadi Ng'ambo hadi Bombay (dakika 11). La saba ni Tunguu, 1962 (dakika 10).

Naam, Tunguu. Marekani ilipotaka kumrusha John Glenn kuizunguka dunia ilijenga vituo vya kufuatilia chombo katika nchi mbalimbali, na kimoja kilikuwa Tunguu. Tarehe 20 Februari 1962 chombo kilipopita juu yetu, Glenn alizungumza na Zanzibar. Na hesabu za njia ya chombo kile, Glenn mwenyewe alitaka zihakikiwe kwa mkono na Katherine Johnson kule Virginia kabla hajapanda. Mwanamke mweusi na karatasi yake upande mmoja, antena ya Tunguu upande wa pili. Huhitaji kuunganisha kwa nguvu.

Waliobaki hawatupwi. Katika wimbo wa mwisho antena iendelee kupokea sauti za miaka ya kabla na ya baadaye, kila mtu mshororo mmoja tu: Louverture na Haiti iliyopata uhuru 1804, Bikila akikimbia peku Roma 1960, Jemison angani 1992, Maathai na Nobeli ya Amani 2004, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, na Nobeli ya Fasihi 2021. Mshororo mmoja uliokaa vizuri unakumbukwa kuliko hotuba ya dakika nne.

Kanuni_na_Akodioni

Nnaingia kwenye muziki.

Jambo la mwanzo ni kulinganisha sauti za vyombo, kabla hata ya kutunga. Akodioni haitengenezeki jioni ya mchezo. Sauti yake imefungwa kiwandani. Kwa hiyo wote wanaifuata yeye: kanuni, fidla na besi zinapandishwa au kushushwa kwake, na kinanda kinasogezwa kwenye kitufe cha kurekebisha sauti. Wengi hufanya kinyume, wanafuata kinanda, halafu akodioni inasikika imechacha kila inapoingia.

Pili ni makamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Rast na Bayati zina robo sauti ambazo akodioni haizijui, na kinanda hakizitoi mpaka kiwe na mpangilio wa Kiarabu. Nyimbo za wote zitungwe katika Nahawandi, Hijazi, Kurdi au Ajam, ambazo vyombo vyote vinazo. Rast iwekeni sehemu moja, kwa kanuni, fidla moja na sauti ya mtu mmoja, akodioni na kinanda vimenyamaza. Pale Mkunazini ndipo pangefaa.

Kuhusu kugombana kwa taarab na nyimbo za Marekani: zile nyimbo za kale za watumwa nyingi zinazunguka sauti tano, na zinakwenda kwa kuitikiana. Watoto wetu wanakujua kuitikiana kutoka ngomani, hamna la kuwafundisha. Kinachoharibu ni kuzipamba kwa vinogesho vya taarab juu yake. Waacheni tisa wa Nashville waimbe bila chombo beti mbili nzima, kisha besi peke yake, kisha fidla mstari mrefu ulionyooka. Kanuni isiingie mpaka onesho la tano.

Sasa urefu. Wimbo wa taarab wenye bashrafu (ufunguzi wa vyombo vitupu) na marudio unaweza kula dakika 10 peke yake, hapa haufai. Hesabu iwe hivi: mshororo wa mizani 16, kila mizani nusu pigo, ni mapigo 8, ongeza 2 ya pumzi, yawe 10. Beti ya mishororo minne ni mapigo 40. Kwa mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, beti ni sekunde 25. Kitikio cha mapigo 16 ni sekunde 10. Beti nne na vitikio vyake ni dakika 2 na sekunde 20, na mbele yake utangulizi usiozidi sekunde 15. Nyimbo tisa za namna hiyo hazifiki hata dakika 25, zinabaki dakika 55 za maneno, ngoma na kimya.

Onesho la Siti lina kipimo chake lenyewe. Sahani ya santuri ya wakati ule ilibeba kama dakika 3 upande mmoja. Alipokwenda Bombay kurekodi 1928, wimbo ulipaswa kuingia humo au ugawanywe pande mbili. Basi wekeni saa jukwaani, mwimbaji aimbe dakika 3 kamili, na sindano ikifika mwisho kila kitu kikatike, hata kama neno liko katikati. Watazamaji watauelewa ufundi ule bila kuelezwa.

Kwa Ng'ambo tumieni kidumbaki: dumbaki mbili ndogo, sanduku (besi ya uzi mmoja), cherewa (manyanga), mkwasa (vijiti vya kugonga) na fidla. Mpiga besi wenu ahamie kwenye sanduku, na achukue wiki tatu kulizoea, kwa sababu sauti yake inapatikana kwa kuvuta fimbo na mkono wa mwanzo huwa unateleza.

Na wavulana wa miaka 14 hadi 16: sauti zao zinavunjika. Siku ya kwanza pimeni kila mmoja chini na juu, andikeni, rudieni wiki ya 8. Kitikio cha wote kisizidi okteva moja.

Mratibu_Ngambo

Ahsanteni sana. Hili la Tunguu limewafurahisha vijana kupita kiasi. Suali dogo kwa Kanuni_na_Akodioni: onesho la Nashville tuimbe nyimbo zao za asili au tutunge zetu? Na kuna mapendekezo ya kutumia muziki uliorekodiwa badala ya wapigaji kwenye nyimbo mbili.

Kanuni_na_Akodioni

Nyimbo za asili za watumwa hazina mwenyewe, lakini mpangilio wa sauti uliochapishwa na mtu una mwenyewe. Chukueni wimbo wenyewe, mpangilio mufanye nyinyi. Wimbo wowote uliotoka kwenye mchezo wa jukwaani au filamu msiuguse: ruhusa ya kuuimba ndani ya hadithi huombwa moja kwa moja kwa wenye haki, haimo katika ruhusa ya kawaida ya kupiga muziki ukumbini. Kwa nyimbo za hapa, nendeni COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, mapema, na majina ya watunzi mkononi.

Maneno msiyafasiri neno kwa neno, mizani yanavunjika. Kitikio kiacheni kwa lugha yake, mwanzilishi aimbe Kiswahili kilichotungwa upya.

Muziki uliorekodiwa, kwa maoni yangu, hapana. Kijana akikosea mstari, wapigaji wanamsubiri. Kinasa sauti hakimsubiri mtu.

Nyaraka_za_Mji

Naomba nijibu la Mkunazini, na kabla yake nisafishe makosa machache ambayo huingia kwenye michezo ya namna hii.

Harriet Tubman: musiandike watu 300. Idadi hiyo ilikuzwa na mwandishi wa zamani wa maisha yake. Wanahistoria wanakubaliana na safari kama 13 na watu kama 70. Zawadi ya dola 40,000 juu ya kichwa chake nayo haina ushahidi. Mukitaka namba kubwa ya kweli ipo: 2 Juni 1863, mtoni Combahee, aliongoza pamoja na jeshi uvamizi uliowatoa utumwani zaidi ya watu 700.

Rosa Parks, hata kwa mshororo mmoja, asichezwe kikongwe. Desemba 1955 alikuwa na miaka 42, tena katibu wa muda mrefu wa chama cha kutetea haki mjini Montgomery. Kukaa kwake kitini, alipokataa kumpisha Mzungu ndani ya basi, hakukutokana na miguu kuchoka. Mgomo wa mabasi ulichukua siku 381. Na kama Lewis Latimer yumo katika wale 19, musimpe uvumbuzi wa taa ya umeme. Alichobuni ni njia bora ya kutengeneza uzi wa kaboni ndani yake, 1882, na hilo ni kubwa la kutosha.

Sasa Mkunazini. Miaka miwili haifai kuchanganywa. Soko lilifungwa 1873, kwa mkataba ambao Seyyid Barghash aliutia saini akitishiwa na manowari za Waingereza. Utumwa wenyewe haukuisha siku ile: hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa Unguja na Pemba 1897, tena aliyetaka uhuru ilimbidi aende mwenyewe kudai, na masuria waliachwa nje mpaka 1909. Rasimu ikimalizia kwa shangwe 1873 itakuwa imewadhulumu waliobaki mashambani miaka 24 mingine. Kwa hiyo onesho liwe na sehemu mbili: mlango wa soko unafungwa, watu wanatazama, hakuna anayeimba, kisha 1897, mwanamke mmoja mbele ya meza ya karani. Wimbo uanzie hapo mezani.

Kuhusu wajukuu wa kila upande: semeni ukweli wote kwa kazi za watu, si kwa makabila yao. Andikeni wahusika hivi: mkamataji, mwenye msafara, mkopeshaji, dalali, nahodha, mwenye shamba la karafuu, mnunuzi wa pembe kutoka ng'ambo ya bahari. Kila mmoja aseme sentensi mbili za shughuli yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayehesabu nazi. Hivyo hakuna aliyefichwa: wamo watawala wa bara waliouza mateka, wamo Waswahili na Waarabu wa misafara, imo mikopo ya Wahindi, wamo Wazungu na Wamarekani walionunua mali iliyobebwa na watumwa. Rasimu inayomtupia mzigo mmoja tu kati ya hao itazua ugomvi ukumbini, na ugomvi huo utakuwa na haki, maana si kweli. Inayomsamehe yeyote kati yao nayo si kweli.

Mnada wenyewe usichezwe kwa kutaja bei juu kwa juu. Vijana wataufanya kuwa vichekesho bila kukusudia, na kicheko kimoja cha khofu kutoka kwa watazamaji kinaua onesho zima. Njia iliyo nzito na rahisi: jora la merikani linakunjuliwa jukwaani urefu wa mita 8, kila aliyetiwa utumwani anashika ukingo, dalali anakata kwa mkasi, na anayebaki na kipande anaongozwa nje na kipande chake. Sauti ya mkasi na kitambaa kinachochanika inatosha. Minyororo ya chuma msilete: ni mizito, inachubua vifundo, na kelele zake zinafunika maiki zote. Asiguswe mchezaji, wala wa miaka 14 asipewe nafasi ya dalali. Baada ya mkato wa mwisho, sekunde 20 za kimya, zihesabiwe na msimamizi wa jukwaa.

Andiko lililokamilika lipelekwe BASSFU, baraza la sanaa na utamaduni la Zanzibar, kwa kibali mapema, wiki 6 kabla, si wiki moja. Wakitaka sentensi irekebishwe mupate nafasi ya kuwafundisha vijana upya.

Waya_na_Spika

Ndugu Mratibu, sauti ya pale ina maadui wawili: kuta za mawe zinazorudisha mwangwi, na upepo.

Kwa mwangwi, spika kubwa mbili zisielekezwe ukutani. Ziinueni mita 2 na nusu, ziinamisheni kidogo chini kwenye ngazi wanakokaa watu, na zisimame mbele ya mstari wa maiki. Maiki ikipita mbele ya spika, itapiga mluzi. Kama kuna spika ndogo za nyuma, zicheleweshwe: kwa joto letu sauti hukimbia kama mita 347 kwa sekunde, basi spika iliyo mita 20 mbele ya zile kubwa icheleweshwe milisekunde 58. Bila hivyo walio nyuma watasikia kila neno mara mbili, na ushairi ndio unaoumia kwanza.

Maiki za shavuni 8 zinatosha. Wahusika wanabadilishana nyuma ya jukwaa, na orodha ya nani anavaa ipi katika onesho lipi ibandikwe mezani. Kwa wasichana waliovaa mtandio: kidonge cha maiki kitokeze ukingoni mwa kitambaa, usawa wa kona ya mdomo, na kigandishwe kwa plasta ya hospitali kwenye ngozi. Kikigandishwa kwenye mtandio, kila wakigeuza kichwa ni mkwaruzo. Waya ushuke mgongoni na uache kitanzi kidogo shingoni, jasho lidondoke hapo lisifuate waya mpaka kwenye kisanduku cha kiunoni. Betri mpya kila usiku, za jana zibaki za mazoezi.

Kwaya iwekewe maiki 4 za stendi, moja kwa watu watano au sita, kimo cha mita 1 na nusu, zenye sponji, na kwenye miksa kateni kila kilicho chini ya hezi 120. Huko chini kuna upepo na vishindo vya miguu tu. Kanuni ipewe maiki yake, sentimita 25 juu ya ubao. Halafu angalieni: daraja la nyuzi za kanuni limekaa juu ya ngozi, na ngozi inalegea unyevu wa jioni ukiingia, sauti inashuka. Isitoke kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda moja kwa moja jukwaani. Ikae nje saa nzima, itiwe sauti nusu saa kabla ya kuanza.

Umeme: sauti kilowati 3, taa 16 za wati 100 ni 1.6, kinanda na vidogo vidogo 0.4. Jumla 5. Jenereta ya akiba iwe ya kVA 10, inayotoa kilowati 8 hivi, isifanye kazi ikiwa imebanwa. Waya wa mita 50 wa milimita 2.5 kwa ampea 16 unapoteza volti 14, taa zinanyong'onyea na miksa inaweza kujizima. Tumieni wa milimita 4, unapoteza chini ya 9. Taa na sauti zisichote umeme kwenye mstari mmoja, mutapata mvumo usioisha.

Saa: Mji Mkongwe umezungukwa na misikiti. Jaribio la sauti lisimame kila adhana, hilo halina mjadala. Isha huingia baina ya saa 1:20 na karibu saa 2 usiku kwa kufuata msimu; anzeni saa 2:30, mumalize saa 3:50. Masika ya Machi hadi Mei yaacheni. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo tazameni kalenda kabla ya kushika tarehe. Wakati wa kusi, Juni mpaka Septemba, hakuna mvua nyingi, ila kila pazia lifungwe mchanga chini.

Cherehani_Darajani

Mavazi ni nafuu kuliko mnavyodhani ikiwa nguo ya msingi ya wote 24 ni merikani yenyewe, na wanaongeza kitu kimoja tu kila onesho.

Wasichana mita 4 kila mmoja, 60. Wavulana mita 2 na nusu, kama 23. Jora la Mkunazini mita 8 kwa kila usiku wa mchezo, kwa kuwa linakatwa kweli. Kwa usiku mmoja jumla ni 91. Pamba isiyooshwa inaruka kama asilimia 5, kwa hiyo nunueni majora manne ya yadi 30. Osheni kwanza, ndipo mukate. Mukikata kabla, shuka zitakuwa fupi baada ya kufuliwa. Kitambaa kikiwa cheupe pepe, taa itakifanya king'are na nyuso zitazama. Kitieni chai: gramu 100 za majani kwa lita 5 za maji yanayochemka, chumvi kijiko kikubwa, nusu saa, kigeuzwe kila mara kisitoke madoa.

Kaniki kwa shamba na msafara. Ila chini ya taa hafifu kaniki huweza kupotea gizani, mutaona vichwa vinatembea. Mwambieni wa taa atumie rangi ya manjano ya moto kutoka pembeni pande mbili. Ndiyo inayozifaa ngozi zetu pia, inachora mfupa wa shavu. Taa nyeupe ya mbele moja kwa moja inazifanya nyuso kuwa bapa na za kijivu.

Kanga zije mwaka 1897, wala zisiwe na maandishi. Kanga za mwanzo hazikuwa na jina. Kunjeni upindo wa chini mulifiche. Kwa Siti 1928 jina ruhusa, lakini lichaguliwe kwa makini, kwa sababu watazamaji wa Unguja watalisoma kabla hawajamsikia mwimbaji. Na musisahau kwamba alizaliwa akaitwa Mtumwa, Siti ni jina la baadaye. Kibadilisheni kipande cha merikani begani mwake kiwe kanga palepale jukwaani, wakati jina linabadilika. Kazi ya mshonaji ni vifungo viwili tu vya kubana, sekunde 4.

Mwenyeji_wa_Chake

Na sisi wa Pemba tusemwe. Mkileta huku, mambo matatu.

Uwanja wa wazi hauna kuta, mwangwi hamna, lakini sauti inapotea. Ongezeni spika mbili, msiongeze ukali wa zile mbili. Jenereta huku ndiyo ya kutegemea, umeme wa waya uwe akiba.

Ngoma: wapagazi wa Sidi Mubarak wacheze msewe. Vitu vinavyolia vinafungwa vifundoni, na kila hatua inasikika, msafara mzima unasikika bila dumbaki. Wapewe wiki nne. Miguu isiyozoea inakwenda mbele ya mwimbaji. Na mabishano ya dalali na mwenye msafara yawekeni kwa kibati: maneno ya haraka juu ya ngoma, kisha wimbo wa wote. Kibati ni cha huku, wazee watajua mara moja kama kimechezwa sivyo, kwa hiyo tafuteni mchezaji wa Pemba awafundishe kabla ya kuvuka.

Mzigo: kanuni ndani ya sanduku gumu, ikae na abiria, isiende chini na majora. Toka Mkoani hadi Chake ni kama kilomita 30, gari ya mizigo iagizwe siku moja kabla. Sheha wa mahali apewe taarifa na nakala ya kibali.

Mratibu_Ngambo

Nimeyachukua yote. Wiki ya 1 hadi 3 andiko jipya la maonesho saba, wiki ya 4 hadi 7 nyimbo, wiki ya 8 BASSFU na kupima sauti upya, msewe kuanzia wiki ya 8 pia. Swali lililobaki kwa Nyaraka_za_Mji: yule mwanamke wa 1897 mbele ya karani, apewe jina?

Nyaraka_za_Mji

Musimtungie jina. Karani amuulize jina lake, ageuke kwa watazamaji, kanuni iingie.